Mwenye Kuwalaza Wagonjwa Naye Hurudi Shuleni

Je, ndugu msomaji, umewahi kulala juu ya meza ya kupasuliwa? Kama bado, bila shaka unaye mzazi, dada au jirani aliyepita hapo. Mwulize ni nani aliyemwona mwisho kabla macho yake hayajafumba. Mara nyingi hatakutajia daktari mwenye kisu. Atakusimulia habari za mtu aliyesimama upande wa kichwa, akamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha mpira, akamwambia avute pumzi polepole. Jina lake halijui. Hata uso wake hakuuona vema, maana ulifichwa na kitambaa. Walakini kwa muda wa saa moja, au mbili, au tatu, uhai wake wote ulikuwa mikononi mwa mtu huyo.

Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kumchoma mgonjwa sindano ya usingizi, kisha kukaa kitako. Sivyo hata kidogo. Usingizi wa dawa, ule ambao wengine huuita nusukaputi, si ndugu wa usingizi wa kitandani. Mtu alalaye usiku hupumua mwenyewe, humeza mate yake, na hugeuka akichoka upande mmoja. Mgonjwa aliyelazwa kabisa kwa dawa hana uwezo huo. Lazima mwenzake ampumulishe, amkinge asipaliwe na matapishi, achunguze moyo na damu yake dakika kwa dakika, na mwisho amrudishe kwa watu wake akiwa mzima.

Basi, hili ndilo swali letu la leo: mtu mwenye kazi nzito namna hii, akiisha kupata hati yake, je, amemaliza kusoma? Ili tupate jibu, twende pamoja mpaka Marekani, katika mji mmoja wa milimani wenye chuo kikuu.

MJI ULIO CHINI YA MIAMBA

Mji huo huitwa Boulder. Uko katika jimbo la Colorado, mahali ambapo nchi tambarare hukutana na Milima ya Rocky. Umeinuka meta 1,655 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake husimama miamba mikubwa iliyoinama, ambayo wenyeji huiita Flatirons, yaani pasi za nguo, kwa sababu kila mmoja unafanana na pasi iliyosimamishwa wima. Zamani hiyo ilikuwa nchi ya kabila la Arapaho. Watafutaji wa dhahabu walianzisha mji mwaka 1859. Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1876, mwaka uleule Colorado ilipopata kuwa jimbo la Marekani. Shule yake ya udaktari nayo ilianzia Boulder mwaka 1883; baadaye ilihamia Denver, na sasa iko Aurora, karibu na Denver.

Kuna jambo jingine linalofaa kukumbukwa. Tarehe 4 Julai 1898 lilifunguliwa Boulder, chini ya miamba ile, kao la masomo liitwalo Chautauqua. Sababu yake ilikuwa nyepesi: walimu wa Texas, nchi ya joto kali, walitaka mahali pa baridi ambapo wangeweza kuendelea kusoma wakati wa likizo ya kiangazi. Mwanzoni walilala katika mahema, wakasikiliza mafundisho na muziki katika jumba kubwa la mbao. Jumba hilo lasimama hata leo, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ililiweka kao lote katika hesabu ya mahali pa kumbukumbu ya taifa. Kumbe, fikira ya mtu mzima kupanda mlimani ili awe mwanafunzi tena si fikira mpya.

Siku hizi si walimu peke yao wanaokwenda kusoma katika miji ya milima ya Colorado. Madaktari na wauguzi wa usingizi ni miongoni mwa waendao. Asubuhi na mapema huketi darasani. Husikiliza habari za dawa mpya, huonyeshwa makosa yaliyotokea mahali pengine, hujaribu vyombo kwa mikono yao wenyewe. Alasiri huwa na nafasi ya kutembea milimani, au kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi. Tusifiche ukweli: wako na wanaovutwa na theluji kuliko masomo. Hayo ni ya binadamu. Ndiyo maana wenye busara hawahesabu siku alizokaa mtu mkutanoni tu, bali humpima na kumwuliza amejifunza nini.

HEWA YA MLIMANI NI MWALIMU

Mgeni kutoka pwani hupata somo lake la kwanza kabla hajaingia darasani, pale anapopanda ngazi na kuanza kuhema. Juu ya milima hewa ni nyepesi. Huko Boulder uzito wa hewa ni karibu sehemu 82 tu katika 100 za ule wa pwani. Maji huchemka kabla hayajafika digrii 100. Katika kila pumzi mna oksijeni pungufu.

Kwa mtu wa kazi ya usingizi jambo hili si maneno ya kitabuni. Ile gesi ya zamani ambayo watu waliiita gesi ya kuchekesha hupungukiwa nguvu mahali pa juu, hata kipimo chake kikiwa kilekile. Vyombo vingi vinavyogeuza dawa kuwa mvuke hujirekebisha vyenyewe kwa sehemu kubwa. Lakini dawa moja, iitwayo desflureni, huchemka kwa joto la digrii 23 hivi, kwa hiyo ilitengenezewa chombo cha pekee chenye kuipasha moto. Nacho chombo hicho hakijirekebishi. Anayezoea kukiweka kwenye alama ya 6 akiwa pwani, huko Boulder yampasa kukiweka kwenye 7 na zaidi, ndipo apate nguvu ileile. Asipojua, mgonjwa wake atakuwa na usingizi mwepesi kuliko inavyofaa.

Na tazama mambo yanavyogeuka. Mtu aliyeisha kujifunza kwa bidii namna ya kuitumia dawa hiyo, leo anaambiwa aiache. Mvuke wake, ukitoka katika chumba cha kupasulia, huongeza joto la dunia kupita kiasi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 nchi za Umoja wa Ulaya zimeikataza, isipokuwa pale tiba inapoilazimu. Elimu aliyoipata jana haikuwa ya uongo. Lakini haitoshi tena kwa leo.

HATI ISIYODUMU MAISHA YOTE

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1846, tarehe 16 Oktoba, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari wa Boston, na habari zikaenea dunia nzima. Kwa miaka mingi baadaye, kazi ya kushika etha ilipewa yeyote aliyekuwa karibu, hata mwanafunzi aliyekuwa anachungulia kisu cha daktari kuliko uso wa mgonjwa. Wagonjwa walikufa. Ndipo hospitali za Marekani zikatafuta watu wa kuishika kazi hiyo peke yake. Katika wa kwanza wanaojulikana kwa jina ni mtawa, Sista Mary Bernard, aliyeianza kazi hiyo mwaka 1877 katika hospitali ya St. Vincent mjini Erie, Pennsylvania. Katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, Minnesota, mwuguzi Alice Magaw aliandika mwaka 1906 habari za wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa bila hata mmoja kufa kwa ajili ya dawa ya usingizi. Siri yake haikuwa uchawi. Alikuwa akimtazama mgonjwa, akiongea naye kwa upole, akimpa dawa kidogo kidogo, na kuandika yote aliyoyaona.

Leo wauguzi na madaktari wa usingizi wa Marekani husoma miaka mingi kabla ya kuachiwa mgonjwa. Hata hivyo wakubwa wa kazi hiyo waliona kwamba kuanza vizuri hakutoshi. Kwa hiyo, tangu mwaka 2000 baraza la madaktari wa usingizi liliacha kutoa hati ya maisha yote. Hati mpya zikawa za miaka 10. Mwaka 2016 likaongeza desturi nyingine: daktari hupelekewa maswali 30 kila robo ya mwaka, na kila swali hupewa dakika moja tu. Akikosea huonyeshwa jibu la kweli hapo hapo, na jambo lile huulizwa tena baadaye. Mwaka uleule wauguzi wa usingizi nao walianza mpango mpya wa kukusanya alama 100 katika kila miaka minne. 60 kati ya hizo zilitakiwa zitokane na masomo yenye mtihani.

Pengine utasema: hayo ni kuwasumbua watu wazima bure. Basi sikiliza mfano mmoja. Kwa miaka mingi mgonjwa aliamriwa asile wala asinywe kitu chochote tangu usiku wa manane, ili tumbo liwe tupu. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa maongozi yaliyoruhusu maji safi mpaka saa mbili kabla ya usingizi, maana yameonekana kutoka tumboni upesi. Wengi wakafurahi. Halafu zikaenea dawa mpya za kisukari na za kupunguza unene, zinazochomwa mara moja kwa wiki, ambazo hulifanya tumbo kukawia kutoa chakula. Mwaka 2023 chama kilekile kilishauri mgonjwa aache sindano ya wiki moja kabla ya kupasuliwa. Mwaka 2024, baada ya uchunguzi zaidi, vyama kadhaa vilisema pamoja kwamba wengi wanaweza kuendelea nayo, ila kila mgonjwa apimwe kwa hali yake. Aliyefunga vitabu vyake mwaka 1998 hayajui yote haya. Na chakula kilichobaki tumboni hakimhurumii mgonjwa kwa sababu mlazaji wake ana hati nzuri ukutani.

JAMBO AMBALO HUENDA USILIONE KAMWE

Kuna sababu nyingine ya kurudi darasani, nayo ni kubwa zaidi. Yako mabaya yanayotokea kwa nadra sana. Mlazaji aweza kufanya kazi mpaka uzee bila kuyaona; lakini yakitokea, hana nafasi ya kwenda kufungua kitabu.

Mwaka 1960 kijana mmoja mwanafunzi, mwenye umri wa miaka 21, aliletwa hospitalini Melbourne, Australia, akiwa amevunjika mguu. Madaktari walishangaa kuona kwamba hakuogopa mguu wake, aliogopa dawa ya usingizi. Alisema kuwa watu kumi wa ukoo wake walikufa baada ya kupewa etha. Wakampa dawa nyingine, halotheni, ambayo wakati ule ilikuwa mpya. Muda si mrefu mwili wake ukawaka joto, moyo ukaenda mbio. Wakaikatiza dawa, wakampooza kwa barafu, akapona. Kwa kuwa walimsikiliza na kuyaandika mambo yake, dunia ikaujua ugonjwa huo wa kurithiwa, ambao katika damu ya watu wachache hugeuza dawa za usingizi kuwa sumu ya moto katika misuli.

Mwaka 1979 Marekani iliidhinisha dawa ya kuuzuia, dantroleni. Lakini dawa yenyewe ya zamani ilikuwa unga ulio katika vichupa vya miligramu 20, na kila kichupa kilihitaji mililita 60 za maji, kikatikiswa mpaka kiyeyuke. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 alihitaji vichupa tisa kwa mara ya kwanza tu. Fikiri: mgonjwa anawaka, na watu wanatikisa vichupa tisa! Mkono mmoja hautoshi. Ndiyo sababu katika mafunzo huleta sanamu ya mpira yenye kupumua na yenye moyo unaodunda, wakaigiza hatari hiyo, na kila mtu akajifunza mahali pake: huyu akatize mvuke, huyu aite msaada, hawa watikise vichupa, yule alete barafu. Mwaka 2014 ikaja dantroleni ya namna nyingine, ambayo kichupa kimoja chatosha kuanza. Tena wakarudi kujifunza.

RUBANI ALIYEFIWA NA MKE

Yako na makosa yasiyotoka katika dawa wala katika vyombo, bali katika namna watu wanavyosemezana. Kisa cha Bwana Martin Bromiley, rubani wa ndege wa Uingereza, kimefundishwa kwa walazaji wa nchi nyingi.

Mwezi Machi 2005 mkewe, mama wa watoto wawili wadogo, alikwenda kupasuliwa puani, kazi ndogo isiyotisha. Alipolala, njia ya pumzi ikafunga. Madaktari wenye ujuzi wa miaka mingi wakajaribu tena na tena kumpitishia mpira kooni. Wauguzi walikuwa wameona hatari. Mmoja alileta vyombo vya kutoboa njia ya pumzi shingoni. Mwingine alikwenda kutafuta kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini maneno yao hayakupata nguvu mbele ya wakubwa, nao wakubwa, kwa kushikwa na kazi iliyo mikononi, hawakuona kwamba dakika zinakwisha. Ubongo ulikosa oksijeni mno. Mama huyo alikufa baada ya siku chache.

Je, mume alifanya nini? Hakuwatukana wala kutaka waangamizwe. Yeye alitoka katika kazi ambayo, ndege ikianguka, watu huuliza kwanza: tutajifunza nini ili isianguke nyingine? Akaomba uchunguzi wa namna hiyo. Mwaka 2007 akaanzisha shirika la kuwafundisha watu wa hospitali namna ya kufanya kazi pamoja wakati wa hatari. Tangu hapo maelfu ya walazaji wameketi darasani wakasikia kisa cha mkewe, wakajiuliza: mimi ningemsikiliza mwuguzi yule? Nami kama ningekuwa mwuguzi, ningethubutu kusema kwa sauti?

Somo la namna hii halipatikani kwa kusoma peke yako chumbani. Lazima watu wakutane, mkubwa na mdogo, wafanye mazoezi pamoja, mdogo azoee kusema na mkubwa azoee kusikia.

MATUNDA YAKE

Taasisi ya Tiba ya Marekani iliandika mwaka 1999 kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikufa kwa sababu ya usingizi wagonjwa 2 katika kila 10,000. Baadaye hesabu ikashuka mpaka mmoja katika 200,000 au 300,000. Hayo hayakuletwa na masomo peke yake. Vyombo vilisaidia sana, kama kile kibanio cha kidole kinachoonyesha oksijeni ya damu, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974. Masharti ya kumwangalia mgonjwa yaliyowekwa mwaka 1986 yalisaidia pia. Lakini chombo hakijui kitu kisipopata mtu wa kukielewa. Kikilia, nani ajuaye kinalilia nini?

NA SISI JE?

Msomaji wa Kivu asidhani kwamba habari za Boulder ni za mbali. Maji ya ziwa letu yako meta 1,460 juu ya bahari, na Bukavu na Goma ziko juu kidogo kuliko ziwa. Hewa yetu basi ni nyepesi karibu sawa na ile ya Boulder, na yale yanayosemwa huko juu ya mvuke na oksijeni yatuhusu sisi. Tena katika hospitali nyingi za Congo anayemlaza mgonjwa si daktari, ni mwuguzi, na mara nyingi yuko peke yake. Huyo ndiye mwenye haja kubwa ya kukutana na wenzake, kuuliza, kusahihishwa. Akiomba ruhusa ya kwenda kwenye mafunzo, wakubwa wa hospitali wasimwone mvivu anayekimbia kazi. Wamtafutie wa kushika zamu yake, aende.

Na sisi jamaa za wagonjwa tunayo sehemu yetu. Mlazaji akikuuliza umekula saa ngapi, mwambie kweli, hata kama ulionja uji kidogo kwa siri. Akikuuliza dawa unazotumia, usimfiche hata zile za kienyeji. Na kama katika ukoo wenu yuko aliyekufa mezani au aliyewaka joto baada ya kulazwa, usikubali kuondoka nyumbani bila kukumbuka kulisema. Yule kijana wa Melbourne alisema, na neno lake limeokoa wengi ambao hakuwajua.

Nanyi wanafunzi mnaohesabu miaka iliyobaki mpate diploma, mkidhani kuwa siku hiyo mtaaga daftari kwa heri, tazameni wale watu wenye mvi wanaopanda mlimani na kalamu mfukoni. Hawakurudi kwa sababu ni wajinga. Wamerudi kwa sababu kesho asubuhi mtu asiyewajua atalala mbele yao, atafumba macho, na atawaachia pumzi yake.